Aliyenizuia Nisimwone Bibi Yako

Salha mwanangu,

Naandika hapa ofisini, Industrial Area, leo Ijumaa baada ya swala. Gereji imefungwa na mafundi wamerudi vyumbani kwao kupumzika. Nyumbani nimeaga kwamba nakwenda kutia mafuta gari kwa ajili ya safari yako ya kesho. Mafuta nimetia, kwa hiyo hilo si uongo, lakini nimepita huku kwa sababu pale nyumbani Al Wukair kila nikishika kalamu mama yako ananiuliza naandika nini, na wewe umeijaza nyumba masanduku hata pa kukaa hapana.

Habari za koti la baridi, dawa ya kifua na kula kwa wakati, mama yako amekuhutubia wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Nataka kuzungumza nawe habari ya bakuli.

Unakumbuka ile alfajiri uliponieleza. Nilitoka kuswali nikakukuta sebuleni na kompyuta yako, umevaa fulana ya timu ya chuo chenu inayokufika magotini, unatazama watu wa Marekani wenye kofia ngumu wanaubeba mpira mikononi kama wezi wa kuku. Ukaniambia, "Baba, tukishinda hii tunakwenda kwenye bakuli." Nikakuuliza bakuli gani. Ukacheka, ukasema kwao mechi kubwa ya kufunga msimu ndivyo inavyoitwa, na si kila timu hualikwa. Nikauliza ndani ya bakuli lenyewe mna uji au mna supu. Tangu siku hiyo kila nikikukuta unatazama nakuuliza kama uji umeiva, na wewe unanitupia mto.

Nilikuwa nakutania, lakini nilikuwa nakuona pia. Unavyouma kucha timu ikizidiwa, unavyoshindwa kula siku ya pili ikifungwa. Hukuambukizwa ugonjwa huo na Wamarekani, umeurithi kwangu.

Sasa sikiliza. Jumatano ya wiki iliyopita ulinipa karatasi zako za safari nikuchapie ofisini. Mimi ni mandubu, mwanangu. Miaka yote hii kazi yangu ni kuzunguka maofisini na makaratasi ya wafanyakazi wa kampuni, na jicho langu limeharibika, kabla halijasoma jina linasoma tarehe. Barua ya chuo inasema wanafunzi wanaotoka tawi la Doha kwenda kumalizia huko wanapokewa wiki ya pili ya Januari. Tiketi yako ni ya kesho, na bado tuko Desemba. Wala haikupeleki kwenye mji wa chuo. Inakupeleka kwenye mji ambao timu yenu inachezea bakuli.

Na Jumanne, siku hiyo hiyo ya bakuli, mama yako anafanyiwa upasuaji wa nyongo.

Nilizichapa. Nikazitia kwenye bahasha nikakupa, ukasema, "Asante Baba," nikasema karibu. Leo ni siku ya tisa najua na sijafungua mdomo. Baba mwingine angekuita siku ile ile akakukalisha chini. Mimi sikukuita kwa sababu niliona haya, na haya yenyewe hayakuwa yako, yalikuwa yangu.

Ulimwambia mama yako, "Mama, nimewaomba sana wanisogezee safari, chuo kimekataa." Akakuamini palepale. Hakuuliza barua iko wapi wala nani amekataa. Akasema, "Chuo gani hicho hakina utu, mtoto anamwacha mama yake anapasuliwa." Nilikuwepo, nakunywa chai. Nilijua kwa nini amekuamini upesi namna ile. Mimi ndiye niliyemzoesha. Maneno hayo hayo niliwahi kumwambia mimi, ila pahala pa chuo niliweka kafili.

Mwaka nilioyasema wewe ulikuwa darasa la nne. Wewe na mama yako mlikuwa Tanga, mnakaa kwa bibi yako Ngamiani, na mimi niko hapa peke yangu. Enzi hizo mtu hakutoka Qatar bila khuruji, kile kibali cha kutoka nchini ambacho lazima kafili, yaani mwenye kampuni, akitie saini. Bila hicho uwanja wa ndege unarudishwa na begi lako. Wengi walinyimwa, na wengine walinyimwa wakiwa na msiba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia khuruji watu wote wa kampuni yetu.

Shangazi yako Mwanaisha akanipigia kwamba figo za bibi yako zimechoka na anamuulizia mwanawe. Nikaandika khuruji yangu mwenyewe. Nilimkuta Abu Nasir hapo nje anaingia garini, nikamwambia mama yangu mgonjwa. Hakuuliza nitarudi lini. Aliiweka karatasi juu ya boneti, akasaini, akanitazama akasema, "Yalla, nenda, ya Khamis. Mimi mama yangu alikufa niko Misri nasoma. Sikumuwahi." Siku ya pili akaniletea boksi la tende na mswala mpya nimpelekee bibi yako.

Kafili mwenyewe ndiye huyo.

Ndege yangu ilipitia Addis Ababa. Na timu yangu, ile ya Dar ambayo mama yako alinikatalia nisipake ukuta wa nyumba rangi yake, ilikuwa na mechi ya marudiano hukohuko Addis, Jumapili. Mimi nilikuwa napita Ijumaa. Nikajiambia nashuka, natazama mpira, Jumatatu niko Tanga. Bibi yako kaugua miezi, siku tatu zitakuwa nini. Hivyo ndivyo nilivyosema kichwani, na nilijiona nina akili.

Ijumaa ile ile nikampigia mama yako nikiwa kwenye kibaraza cha hoteli, nikamwambia, "Kafili hajatoa khuruji bado. Labda Jumatatu." Sikuwa nimelipanga neno hilo. Lilitoka lenyewe, kwa sababu Mswahili wa Qatar akishasema kafili kakataa hakuna anayemuuliza la pili. Watu wanamwonea huruma tu.

Jumapili asubuhi nimeshavaa jezi, ikaingia sauti kwenye simu. Ilitoka kwenye namba ya mama yako lakini aliyekuwa akizungumza ni bibi yako, anavuta pumzi kila baada ya neno. Wala hakuwa akizungumza na mimi. Alikuwa anazungumza na kafili.

"Bwana mkubwa, asalaam aleykum. Mimi ni mama yake Hamisi. Samahani nakusumbua na kazi zako. Nakuomba unipe mwanangu siku mbili tu, nimwone, kisha nitakurudishia." Akapumzika. Halafu akasema, "Hamisi, mfasirie vizuri, usije ukamkosea adabu mtu wa watu."

Nikazima simu, Salha, nikaenda uwanjani. Sentensi hiyo isome mara mbili, maana mimi kila nikiikumbuka siku ile huwa naruka kutoka kwenye kile chumba mpaka kwenye kipenga cha kwanza, kana kwamba hapo katikati hapakuwa na kitu. Palikuwa na kitu. Nilishuka ngazi, nilinunua chai, nilivuka barabara na mashabiki wenzangu tukiimba, na sauti ya mama yangu iko mfukoni.

Tulitoka sare, na kwa magoli ya mechi ya kwanza tukatolewa. Hata mpira wenyewe ulikuwa mbovu. Nilipowasha simu jioni bibi yako alikuwa ameshafariki, tangu adhuhuri, na maziko yamepangwa asubuhi. Mama yako aliniambia baadaye kwamba bibi yako aliuliza mara ya mwisho, "Kajibu nini yule bwana?" na mama yako akamwambia, "Anafikiria, mama."

Maziko nisingeyawahi. Matanga ningeyakuta, ningekaa na wenzangu kwenye jamvi, ningesoma hitima. Khuruji ninayo, siku za ruhusa zimejaa. Jumatatu nilikaa uwanja wa ndege wa Addis nikafikiria nitakavyomtazama mama yako, yeye aliyeishika ile simu mdomoni mwa bibi yako. Nikashindwa. Nikageuza tiketi nikarudi Doha, nikasema kafili amekataa kabisa.

Abu Nasir akaniita majlisini kwake akanimiminia kahawa kwa mkono wake. "Ulimuwahi?" Nikamwambia nilimuwahi. Machozi yakamtoka yule mzee, akasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, akanishika bega akawa haniachii. Kwa hiyo kule Tanga nimewaambia nimezuiwa, na huku nimemwambia aliyeniachia kwamba nilifika. Kahawa niliinywa yote.

Siku ya hitima shangazi yako akanipigia. Nyuma yake nasikia sauti za watu wengi. Akasema, "Hamisi, tumesoma Halbadiri." Wewe umekulia huku, pengine unaisikia tu. Kwetu mtu akidhulumiwa na hana pa kushitaki, wanakusanyika masheikh na wazee wanawasoma watu wa Badri kwa majina yao, na yule dhalimu wanamkabidhi kwa Mungu. Haisomwi kwa mchezo, wapo wasiopenda hata kuitaja. Nikamuuliza, "Mmemsomea nani, na jina lake hamlijui?"

"Tungelijuaje? Tumenuia hivi, yeyote yule aliyemzuia Hamisi asimwone mama yake. Itikia amina."

Nikaitikia amina.

Utataka kujua yaliyonipata. Hayakunipata. Sikuugua, sikuvunjika hata ukucha. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakanyaga breki mapema kuliko dereva yeyote wa Doha, na mawingu ya mvua yakitanda nilikuwa siendi nje. Kisha nikapandishwa cheo, nikaruhusiwa kuleta familia, mkaja. Nikazoea. Mwanzoni nilikuwa na hofu, na mwenye hofu angalau anajua amekosa. Ilipokwisha ile hofu nikabaki mtu wa kawaida anayeonewa huruma, na huruma yenyewe nikaanza kuipenda.

Hapa jirani kulikuwa na mlinzi wa Kikenya, Wekesa, wa kampuni nyingine. Yeye alinyimwa kweli baba yake alipofariki, bosi wake alimfungia pasipoti kabatini. Siku moja tunakunywa chai akaniambia, "Mzee Hamisi, ni wewe tu unanielewa. Hawa wengine hawajui vile inauma kukosa kuzika mzazi." Nikampigapiga begani. Alirudi kwao anaamini tulikuwa tumefiwa sawasawa.

Na wewe mwenyewe, utakumbuka. Mwaka mliofika nilikupeleka kumsalimia Abu Nasir. Mzee akakunyoshea mkono ana peremende, ukauficha mkono wako mgongoni ukamkazia macho. Akacheka, akasema, "Mashaallah, ana haya." Hukuwa na haya, ulikuwa unamchukia, kwa ajili yangu. Kila Ramadhani nyumba yake ilituletea bokoboko ya ngano na nyama, na mama yako hakuionja hata siku moja, alikuwa akiigawa kwa Wahindi wa ghorofa ya chini. Nilimwona akiitoa nje kama mtu anayetoa kitu cha haramu, nikakaa kimya, na mimi bokoboko naipenda.

Mwaka juzi Abu Nasir alifariki, usingizini, mzee wa miaka mingi kazungukwa na wanawe. Nilipompa habari shangazi yako akavuta pumzi akasema, "Imefanya kazi." Wakaambizana mtaa mzima wa Ngamiani. Pale ndipo nilipokuwa na nafasi ya mwisho ya kumsafisha mtu wa watu, amelala kaburini hana wa kumsemea, na mimi nilichosema kilikuwa, "Dada, nitakupigia baadaye."

Sikuandiki haya kukuzuia usiende. Nenda. Kama wamekualika na moyo wako uko huko, kuna umri wa kufuata mpira na umri huo ni wako. Mtu kuvuka bahari kuitazama timu yake mimi sioni ubaya, nimewahi kuwa na furaha za kweli uwanjani na sitazikana leo ili nionekane mcha Mungu. Ningemwambia mama yangu, "Mama, nipo Addis, kuna mpira Jumapili, nakuja Jumatatu," angenitukana. Angenitukana kwa nguvu zake zote, kisha angengoja. Nafikiri angengoja, wala sina njia ya kujua.

Nililojifunza ni dogo na nimelilipia muda mrefu. Uongo wa namna hii hausimami bila mtu wa kuchukiwa. Mimi nilidhani nimejifunika tu, kumbe nimemchukua mzee aliyenisainia juu ya boneti nikawapa watu wangu wamchukie badala yangu. Sasa mama yako anakichukia chuo kilichokusomesha bure, na anawasimulia watu. Jana alikuwa anazungumza na shangazi yako kwenye simu, kaifungulia spika, na Mwanaisha akamwambia, "Wote wamoja hao. Si ndio waliomzuia Hamisi?" Kisha akaongeza, kwa utani wake ule ambao nusu yake si utani, "Tuwasomee na hao?" Mama yako akacheka huku ameshika ubavu unaomuuma.

Daktari anasema ni upasuaji mdogo, na mimi namwamini. Nadhani kabla timu yenu haijafika mapumziko mama yako atakuwa ameamka anagombana na manesi kuhusu chai. Sikutishi. Ninachosema ni kwamba atakuwa amelala pale anakuonea huruma. Atakuwa anawaambia wagonjwa wenzake, "Binti yangu angekuwepo, wamemkatalia." Na ukirudi ataendelea kukuonea huruma, na kila akikuhurumia utakosa pa kuweka macho. Mimi kila mwaka ikifika siku aliyofariki bibi yako mama yako ananipikia wali wa nazi, ananiachia nafasi nikae peke yangu, anamkataza hata mgeni asinisemeshe. Miaka yote hiyo nimekula wali ule. Hujui unavyochosha wema ambao haukuhusu.

Asubuhi kabla ya swala nimempigia shangazi yako nimemwambia yote, tangu Addis mpaka amina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wale wazee waliosoma, wengine wameshakufa. Waliobaki nani atakwenda kuwaambia?"

Nikasema mimi.

"Basi njoo uwaambie kwa mdomo wako. Na wanawe yule Mwarabu?"

Nikasema nitakwenda nyumbani kwao pia.

Akakata bila salamu. Sijui kama atanipokea nikifika, na sina haki ya kumuuliza.

Sasa imebaki nyumba yetu. Wewe utakuwa Muaither unawaaga rafiki zako, na utarudi baada ya isha. Kabla ya hapo nitakuwa nimemwambia mama yako habari ya bibi yako, na habari ya ile sauti aliyoirekodi kwa mikono yake. Naogopa, mwanangu. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako dogo, la mkononi, ili uisome kabla hujaonana naye.

La kwako sitamwambia. Halitatoka kinywani kwangu leo, wala kesho, wala ukiwa umeshaondoka. Kama hutalisema, nitakupeleka uwanja wa ndege asubuhi na nitakubebea masanduku, na nitakuaga kama baba anavyomuaga binti yake. Nimetaka tu nitangulie mimi, ili hasira zake zote ziwe zimeshapata mtu, na wewe ukiingia umkute amechoka kugomba.

Atakuwa chumbani kwetu. Gonga, uingie, ukae kitandani upande wangu. Mimi nitakuwa chini kwenye gari, na sitapanda mpaka mmoja wenu aniite.

Baba yako,
Hamisi